Namba Chini ya Rangi

Injini ya zamani ilikuwa imelazwa ubavu juu ya tairi bovu, inadondosha oili yake ya mwisho kwenye mchanga, na pale ilipokaa miaka yote, mbele ya gari, limebaki shimo. Ndani ya shimo hilo, kichwa karibu kugonga boneti, alisimama Mama Pacha na gauni lake kuukuu la kupikia, anasugua. Alikuwa na kopo la mafuta ya taa, sabuni ya unga, brashi ya waya na mswaki uliokwisha meno. Uchafu wenyewe haukuwa uchafu tena. Oili na vumbi vilikuwa vimeshikana mpaka vikawa gamba, na gamba lilikuwa linatoka vipande vipande kama ukoko wa sufuria iliyosahauliwa motoni.

"Shuka, Mama Pacha, mgongo utakatika," mumewe alimwambia. Alikuwa anafunga nyaya kwa mifuko ya nailoni zisilowe.

"Ukikatika utaninunulia wa mtumba, kama injini."

Fundi wa injini alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Fundi huyu watu walimwita Kimya, kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza. "Shemeji ana maneno huyu! Lakini injini hii si ya kuitania. Mpya hii. Mpya kwetu, maana huko ilikotoka walikwishaichoka."

Mumewe hakucheka. Tangu injini ya kwanza ife alikuwa hacheki. Gari lile ndilo lililokuwa linawapeleka wauguzi kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, na kwa kazi hiyo watoto pacha walisoma, kodi ya nyumba ikalipwa, na mboga ikapatikana. Matroni wa hospitali alikuwa amevumilia, amewapandisha wauguzi wake gari la mtu mwingine, kisha akampigia simu Baba Pacha. Hakugomba. Alisema tu kwa sauti ya kistaarabu: gari liwe langoni Jumatatu, na stika ya ukaguzi kiooni, lisipokuwepo, yule mwingine ataendelea. Ile sauti ya kistaarabu ndiyo iliyomnyima usingizi.

Na ukaguzi wenyewe ulikuwa na maneno yake. Mara ya mwisho mkaguzi alifungua boneti, akachokonoa kwa bisibisi pale chini ya betri, bisibisi ikazama. Akasema, mwakani msirudi hapa na kutu hii. Kwa hiyo injini ilipotolewa, haikuwa swali la urembo. Lile shimo lilipaswa kusafishwa, kutu iondolewe, mabati yapakwe rangi, ndipo injini nyingine iingie. Fedha yote ilikuwa imekwenda kwenye injini. Ya rangi haikuwepo.

"Kaka atapaka," alisema Mama Pacha kutoka shimoni.

Mumewe alijifanya hakusikia.

"Nimesema kaka atapaka. Hatatudai kitu."

"Kaka yako ni fundi wa mageti."

"Geti si bati? Gari si bati?"

"Geti haliendi ukaguzi," alisema mumewe. "Na kaka yako akishika kitu hajui mahali pa kuachia. Unakumbuka mlango wa jikoni? Aliuparua mpaka ukawa haufiki kwenye fremu."

"Ulikuwa unakwaruza."

"Sasa paka anapita chini yake."

Kimya akacheka tena, na Mama Pacha akasugua kwa nguvu zaidi, maana maneno yalimchoma. Si ya mlango. Yalimchoma kwa sababu yalisemwa mbele ya fundi.

* * *

Kaka yake alikuja kesho yake na mfuko wa vifaa begani na grainda, mashine ya kusagia chuma, amelipakata kama mtoto. Jina lake halisi watu wa karakana hawakulijua, walimwita Msasa. Mageti yake yalijulikana mji mzima. Alikuwa na tabia ya kumshika mteja mkono, akaupitisha juu ya bati kutoka pembe hii hadi ile, akiuliza: "Umekuta kipele? Sema kama umekuta kipele." Hakuna aliyekuwa anakuta.

Alizunguka lile shimo, akainama, akapitisha kiganja, akaguna. "Dada, hapa pana vidonda. Ona hii. Ona na huu ukuta wa nyuma, kama umelimwa na kuku."

"Vizibe basi. Ndiyo kazi uliyoitiwa."

"Nitaziba kwa puti mpaka mkaguzi ajione uso."

Siku hiyo Baba Pacha alikuwa amekwenda kutafuta mipira ya kukalishia injini, na Kimya alikuwa ameitwa kuvuta gari la watu lililozimika njiani. Mama Pacha alimwachia kaka yake chai kwenye chupa, akarudi nyumbani kupika. Nyuma yake alisikia grainda likiwaka, likalia kama nyuki aliyekanyagwa, na moyo wake ukatulia. Alipenda sauti ya kazi inayofanyika.

Rangi ilipokauka, watu wa karakana waliacha kazi zao kuja kuangalia. Ile kijivu ilikuwa tulivu, imelala juu ya mabati bila wimbi wala tone lililoganda. Mahali palipokuwa panatia kinyaa sasa mtu angeweza kuandalia chakula. Hata Baba Pacha alipitisha kidole kwenye ukuta wa nyuma, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva, akakiangalia kidole, akapitisha tena.

"Haya," alisema. "Haya, shemeji. Nimekubali."

Ni neno dogo, lakini Mama Pacha alilibeba kutoka karakana mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

* * *

Injini ikaingia. Ikafungwa, ikatiwa oili, ikakohoa mara mbili, ikanguruma. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi, na jua lilikuwa bado juu Msasa alipomfuata dada yake uani, akasimama karibu na kamba ya nguo.

"Mbona umesimama kama mdai?"

"Shemeji yuko wapi?"

"Kaenda kuosha viti. Kuna nini?"

Msasa alijifuta mdomo. "Yule Kimya anaongea sana."

"Hilo ndilo lililokuleta?"

"Alikuwa anafunga boneti, anaropoka tu. Akauliza, namba ya chesisi mmeiziba na karatasi kabla ya kupaka, au? Nikamwambia ndiyo." Akainamisha kichwa. "Dada, mimi nilikuwa sijui kama gari lina namba imegongwa kwenye bati. Geti halina namba."

Mama Pacha alikuwa ameshika shati lililolowa. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Imegongwa wapi?"

"Ukuta wa nyuma. Pale nilipokwambia pamelimwa na kuku."

Hapo akaona. Aliiona ile mistari midogo kama anaitazama sasa hivi; na yeye mwenyewe aliipitishia brashi ya waya, akairudia, akidhani ni uchafu uliokaidi. Miaka yote kadi ya gari ilikaa kabatini ikiwa na jina lake, kwa sababu gari lilinunuliwa kwa urithi wake kwa baba yao, na namba ile ndefu iliandikwa humo. Hakuwahi kujiuliza kwenye gari lenyewe inakaa wapi.

"Si iko chini ya rangi?" alisema. "Rangi inatoka."

"Ni rangi na puti."

"Puti nayo inatoka."

Msasa alichezea kibanio cha nguo kwenye kamba.

"We! Si puti nayo inatoka?"

"Nilipitisha grainda kwanza," alisema kwa sauti ambayo ilibidi dada yake asogee kuisikia. "Kidogo. Puti haishiki kwenye kutu. Nilipitisha kidogo tu, kisha upande wa mwisho pakawa bado panakwaruza mkono, nikarudia."

Injini imebadilishwa. Namba ya chesisi haipo. Rangi mbichi juu yake. Mama Pacha hakuwa mtu wa magari, lakini hata yeye alijua gari la namna hiyo huitwaje, na mwenye kadi huitwaje.

"Kimya aliropoka pia kwamba anamjua mtu," Msasa aliendelea haraka haraka. "Ana namba zake za chuma, sifuri mpaka tisa. Anagonga kwa nyundo juu ya rangi, tunapaka tena, hakuna atakayejua. Nimpigie?"

"Ukimpigia, usiniite dada tena."

"Basi nimwambie shemeji?"

Hapo ndipo Mama Pacha alipokosea, na alijua anakosea, kama mtu anayetia chumvi mara ya pili huku akikumbuka ya kwanza. Alimwona mumewe na kile kidole chake, akisema haya, nimekubali. Akamwona usiku huohuo anasema: si nilikwambia? Na jingine litakalofuata, kwamba kaka huyu asikanyage tena hapa.

"Mwambie umeziba namba kwa puti," alisema. "Ya grainda niachie mimi."

"Utamwambia?"

"Kuna kile kibati kimepigiwa misumari ya ribiti pembeni, nacho kina namba. Labda wataangalia hicho."

Msasa alimwambia shemeji yake jioni ile, habari ya puti tu. Baba Pacha alipandisha sauti, akaishusha. Puti ni puti, alisema. Wakiuliza tutawaeleza, wakitaka tutabandua. Akalala. Mama Pacha alibaki amegeukia ukuta, macho wazi.

* * *

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa wa zege tupu, una mitaro miwili ya kukagulia chini ya magari na foleni iliyozunguka mpaka nje ya lango. Kwa sababu injini ilikuwa imebadilishwa, mwenye kadi alitakiwa kuwepo. Mama Pacha alikaa kiti cha mbele, amevaa gauni lake la harusi za watu, mkoba mapajani. Msasa alikaa nyuma, magoti yamegusa kidevu.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mwembamba, penseli sikioni. "Mwenye gari?"

"Mimi," alisema Mama Pacha.

Mkaguzi alimtazama mumewe. "Mwenye gari nani?"

"Ni yeye," alisema Baba Pacha.

"Ahaa. Mama ana gari, baba ana usukani." Watu waliokuwa karibu walicheka. "Haya, mwenye gari, mwambie dereva wako afungue boneti."

Breki zilikuwa zimepita, taa zimepita. Boneti ilipofunguka mkaguzi alipiga mluzi. "Hii ni injini au seti ya sebuleni?" Akachokonoa chini ya betri, bisibisi ikagonga bati gumu ikarudi. Akasoma namba ya injini mpya, akalinganisha na risiti, akaandika. Baba Pacha alianza kupumua. Kisha yule mtu akainama mbele, akatazama ukuta wa nyuma. Akapitisha kidole. Akakipitisha tena, taratibu, na safari hii hakikuwa kidole cha kusifu.

"Namba iko wapi?"

"Kibati kile pale, mkuu," alisema Baba Pacha.

"Kibati ni ribiti mbili. Nikitaka nakitoa hapa nakipiga kwenye toroli. Naulizia ya kwenye bati."

"Iko chini ya rangi. Fundi wetu aliziba kwa puti, hakujua."

"Hakujua." Mkaguzi alikunja makaratasi. "Injini imebadilishwa, namba haionekani, rangi ya juzi. Na fundi hakujua. Unajua kwa wiki naletewa mafundi wangapi wasiojua?"

Foleni ya nyuma ilikuwa imekwishasogea. Dereva mmoja alitoa kichwa dirishani: "Si waseme tu waliliokota wapi, tupite!" Mwingine akadakia: "Hata wizi siku hizi unapakwa rangi vizuri!" Baba Pacha hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imevimba mishipa.

"Fundi ni huyu," alisema, akimnyooshea mkono Msasa, aliyekuwa ameshuka na kusimama nyuma ya gari kana kwamba linamkinga. "Ni shemeji yangu. Anapaka mageti. Mkuu, tubandue hapahapa mbele yako. Utaiona."

Mkaguzi alifikiri. Akatazama gauni la Mama Pacha, akatazama viti vilivyooshwa. "Haya. Msogeze gari pale ukutani. Lakini nisikilize vizuri kabla hujagusa kitu. Puti tu? Grainda halikupita hapa?"

"Halikupita."

"Una hakika?"

"Naapa," alisema Baba Pacha, na akainua mkono juu, mbele ya watu wote. "Naapa kwa watoto wangu, grainda halikugusa ukuta huu."

Mkaguzi akamtupia Msasa brashi ya waya kutoka kwenye sanduku la vifaa. "Kwangua, basi. Tia nguvu, sina siku nzima."

Msasa aliishika ile brashi. Hakukwangua. Alimwangalia dada yake. Mama Pacha aliukumbatia mkoba wake. Labda namba ipo. Labda imebaki ya kutosha, wote waende nyumbani, na neno hili life hapa. Mumewe alikuwa bado ameinua mkono wake, amesahau kuushusha.

"Grainda lilipita," alisema Mama Pacha.

Hakuna aliyegeuka mara moja. Ilikuwa sauti ndogo.

"Nani kasema?" mkaguzi aliuliza.

"Mimi. Lilipita. Mwanzoni kidogo, upande wa mwisho likarudiwa. Mume wangu hajui. Aliambiwa puti, na mimi nikaacha aamini hivyo."

Mkono wa Baba Pacha ulishuka. Alimwangalia mkewe kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Mama," mkaguzi alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha, "unaelewa kwamba kwa maneno hayo naweza kulifungia gari hili sasa hivi, na nyinyi mkaeleze mahali pengine?"

"Naelewa."

"Halafu ukasema."

"Kaapa kwa watoto," alisema Mama Pacha. "Ni wangu pia."

Mkaguzi alimsogelea Msasa. Kisha alinyoosha mkono, akamnyang'anya Msasa ile brashi ya waya, akairudisha sandukuni kwa kishindo. "Kama grainda lilipita, waya haugusi hapo. Kilichobaki kitakuwa chembamba kama karatasi, mngekimaliza kwa mkono mmoja, nami ningeandika hakuna. Una dawa ya kubandulia rangi?"

"Iko nyumbani," alisema Msasa.

"Kalete. Na vitambaa, na kijiti cha mti. Chuma sitaki kukiona."

Msasa alikimbia. Mtu mzima, tumbo lake linarukaruka mbele yake, alikimbia akatoka langoni huku foleni nzima ikimpigia makofi.

Waliobaki walisimama kwenye jua. Baba Pacha alienda kukaa juu ya ukingo wa mtaro, mgongo ameupa gari. Mama Pacha alimpelekea maji. Aliyapokea, akayaweka chini bila kunywa.

"Baba Pacha."

"Usiniite."

Akarudi akasimama peke yake karibu na boneti.

* * *

Dawa ilipopakwa, rangi ilikunjamana kama malai juu ya maziwa. Msasa aliondoa kwa kitambaa, akapaka tena, akangoja, akachokoa puti kwa kijiti, polepole, ulimi ukiwa umemtoka pembeni ya mdomo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alikuwa anaibandua kwa mkono wake mwenyewe. Kila kipande kilichoanguka alikifuata kwa macho mpaka chini.

Herufi ya kwanza ilitoka nzima. Ya pili, ya tatu. Mkaguzi alizisoma kwa sauti, Mama Pacha akizifuata kwenye kadi kwa kidole. Katikati zilianza kufifia. Karibu na mwisho bati lilikuwa laini, linang'aa, halina kitu.

"Hapa ndipo uliporudia," alisema mkaguzi.

"Ndipo," alisema Msasa. Machozi yalikuwa yanamchuruzika, akayafuta kwa kitambaa cha dawa, akaungua, akalia zaidi.

Mkaguzi aliweka karatasi nyembamba juu ya ule mng'aro, akaibana kwa vidole, akatoa penseli sikioni. Aliilaza ubavu, akaanza kusugua, mwepesi kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Karatasi ikawa ya kijivu. Ndani ya kijivu pakatokea weupe. Mstari. Pindo. Tarakimu ikajitokeza, ikafuatiwa na nyingine, hafifu, kama alama ya mto kwenye shavu. Mama Pacha alizisoma moja moja bila kutoa sauti. Zilikuwa zenyewe.

Ya mwisho ilikuwa na upande mmoja tu.

"Tatu," alisema mkaguzi.

"Nane," alisema Mama Pacha. "Kwenye kadi ni nane."

"Kwenye kadi najua. Mimi nasoma bati. Bati linasema tatu." Alipiga tena penseli kwenye karatasi nyingine. Ikatoka vilevile. "Ikiwa tatu, hili ni gari la mtu mwingine."

Baba Pacha alikuwa ameinuka pale mtaroni. Alikuja akasimama nyuma ya mkewe, si karibu sana. Mkewe alisikia pumzi yake.

Mkaguzi alimwita mwenzake, mwanamke mnene aliyekuwa anakula muhogo kivulini. Mwanamke huyo hakuuliza historia. Alijifuta mikono, akachukua kioo kidogo cha kujipodolea kwenye mkoba wake, akapeleka mwanga wa jua kwa mshazari juu ya bati. Akafumba jicho moja. Akapitisha ukucha, kulia kwenda kushoto. Akarudia chini yake.

"Kuna kingo upande huu uliofutika," alisema. "Mbili. Moja juu, moja chini."

"Una hakika?"

"Weka ukucha wako."

Mkaguzi aliweka ukucha. Alikaa nao pale, akaupandisha juu, akaushusha tena chini.

"Nane," alisema hatimaye, akanyooka, akijishika kiuno. "Nane hiyo. Andika."

Mwanamke akaandika, akarudi kwenye muhogo wake. Mkaguzi alizibandika zile karatasi za penseli kwenye faili, akagonga mhuri, akatoa stika. Hakumpa Baba Pacha. Alimpa Mama Pacha, kisha akamgeukia Msasa.

"Wewe. Hapo pabaki bati tupu. Hapapakwi kitu ila grisi, gari likiwa zima mpaka litakapokuwa chakavu. Umenielewa?"

"Patashika kutu, mkuu."

"Patashika grisi, kwa sababu wewe utakuwa unapapaka. Ukipita hapa na brashi ya rangi nitakukumbuka."

* * *

Nje ya lango Baba Pacha alisimamisha gari kando ya barabara, akazima injini, akashuka. Alitupa funguo kwenye kiti.

"Endesha wewe, mwenye gari."

Msasa nyuma alijikunyata. Mama Pacha alizitazama zile funguo. Hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Alishuka, akazunguka mbele, akaingia upande wa dereva, akafunga mlango. Akaweka mikono yote miwili kwenye usukani.

"Unafanya nini?" mumewe aliuliza dirishani.

"Nimeambiwa niendeshe."

"Hujui kuendesha."

"Wewe unajua kwamba sijui, na bado umesema niendeshe. Basi nitakaa hapa mpaka hasira iishe."

"Usinitanie, mama! Umenifanya niape uongo mbele ya foleni ya watu. Kwa watoto wangu!"

"Ndiyo."

"Ungeniambia nyumbani."

"Nyumbani ungemfukuza kaka."

"Ningemfukuza!" Alipiga paa la gari kwa kiganja. Muuza vocha aligeuka kutazama. Baba Pacha akashusha sauti. "Ningemfukuza, ndiyo. Na kesho yake ningemwita."

"Hiyo kesho yake mimi sikuijua," alisema Mama Pacha. "Miaka yote hii hujawahi kunionyesha. Nakuona unavyokasirika tu."

Lori likapita, likawatimulia vumbi. Msasa nyuma alisema kwa sauti ya kubanwa, "Shemeji, mimi naweza kutembea. Si mbali."

"Kaa hapo," alisema Baba Pacha bila kumtazama. "Kesho asubuhi uje na grisi."

Alisimama bado, mkono juu ya paa, anaangalia barabara. Alikuwa amechoka, ilionekana sasa kwamba alikuwa amechoka tangu injini ya kwanza. Mama Pacha alitoa stika mkobani, akaibandua karatasi ya nyuma, akaibandika mwenyewe kwenye kioo, akaibonyeza pembe zote kwa kidole gumba. Ilikaa upande, kidogo.

"Imepinda," alisema mumewe.

"Iache ipinde."

Baba Pacha alifungua mlango. "Sogea," alisema. Na alipoona hasogei, akasema tena, kwa sauti nyingine, "Sogea basi, nikupeleke nyumbani."

Mama Pacha alivuka juu ya gia, gauni likanasa, likachanika kidogo pindoni, hakuna aliyecheka. Mumewe aliketi, akawasha. Alisubiri mpaka mkewe alipofunga mkanda, kisha akatazama kioo cha nyuma, akaingia barabarani taratibu.